Taa Zisizojua Msiba

Makutano ya Njia Saba hayakuwa na nguzo ya taa hata moja. Taa zilikuwa chini, ndani ya lami yenyewe, mistari myembamba iliyowaka kijani na kuzimika kabla hujaitazama vizuri. Juu ya mistari hiyo yalipita magari elfu arobaini kila saa, hayana dereva na hayasimami. La kutoka mashariki lilipenya kati ya mawili ya kutoka kusini kama sindano kwenye kitambaa. Mgeni akiletwa pale mara ya kwanza alifumba macho. Wenyeji wa jiji la Chilanga walisoma habari na kupaka rangi kucha humohumo garini, maana hakuna aliyewahi kugongwa tangu Mgawanjia uwashwe, miaka kumi na moja iliyopita.

Mgawanjia ndio ulikuwa akili ya taa zile. Taa za zamani zilihesabu dakika tu: nyekundu yako ni yako, hata kama upande wa pili hakuna kitu ila mbuzi. Mgawanjia ulipima safari. Kila gari, na magari yote sasa yalikuwa jiendeshi, lilipewa uzito. Wamo watu wangapi? Wanakwenda wapi? Nani anawasubiri, na wakichelewa kitaharibika nini? Mzito akapewa kijani, mwepesi akawekwa pembeni mpaka nafasi yake ipatikane. Wakubwa walitangaza kwamba foleni imekufa, wakakata keki. Na kweli ilikufa. Ila hawakusema mwepesi atakuwa nani.

Alhamisi hiyo, saa tatu na dakika thelathini na tano asubuhi, mwepesi alikuwa Danstan Chibehe, mzee wa miaka sitini na sita, aliyekuwa akimsindikiza mkewe kaburini.

Gari lililobeba jeneza la Sechelela lilikuwa mbele yake, karibu kiasi kwamba angeweza kusoma jina lililoandikwa ubavuni. Nyuma yake yalifuata magari sita ya ndugu na majirani, yote yamefungwa matawi mabichi mbele, kama msiba unavyofungwa. Ghafla mstari mwekundu ukawaka kati ya jeneza na gari la Danstan. Jeneza likaendelea. Gari lake likapinda taratibu, likaingia kwenye kituo cha kungojea katikati ya makutano, kipande cha saruji kisichozidi sebule, likasimama. Milango ikajifunga. Yale sita ya nyuma yakageuzwa barabara nyingine, yakapotea na matawi yake.

"Shemeji, mbona tumesimama?" aliuliza Foibe, mdogo wake Sechelela, aliyekaa naye.

Gari likajibu lenyewe, kwa sauti ya mama mwenye adabu: "Safari yenu imesogezwa mbele kwa faida ya wengi. Mtaendelea saa saba na dakika kumi. Asanteni kwa uvumilivu."

"Saa saba!" Foibe akapiga kioo kwa kiganja. "Dada anazikwa saa nne, wewe mwanaharamu!"

"Asanteni kwa uvumilivu," gari likarudia.

Saa nne kweli. Kwenye makaburi ya jiji kila maiti alikuwa na dakika zake ishirini. Jeneza linashushwa, mwenye kurusha udongo anarusha, kisha mtambo wa kufukia unamaliza. Mtambo haukungoja mtu, maana saa nne na ishirini mwingine anaingia. Wiki ya mwisho, akiwa kitandani, Sechelela alimwambia mumewe, "Baba Yeremia, mimi naogopa kufunikwa na mashine. Uanze wewe. Mkono wako naujua." Danstan akaahidi. Katika ndoa ya miaka arobaini hilo lilikuwa ombi dogo kuliko yote aliyowahi kuombwa, na sasa alikuwa amefungiwa ndani ya gari akilitazama jeneza likipanda kilima.

Alipiga simu Idara ya Mwendo. Akamtaka Mhandisi Nakijwa kwa jina, na kwa kuwa jina la Chibehe lilikuwa bado linajulikana pale, akaunganishwa.

"Shikamoo, mzee Chibehe. Nimesikia msiba. Pole sana."

"Marahaba. Pole yako nitaipokea jioni, mwanangu. Sasa hivi nifungulie njia, nimemfuata mke wangu."

Alimsikia akigusagusa vioo vya kompyuta yake. "Mzee... jeneza limeandikiwa saa nne, kwa hiyo ni zito, limepewa kijani mpaka makaburini. Ninyi hamkuandikiwa saa yoyote. Mgawanjia umewaweka kwenye matembezi."

"Kwenye nini?"

"Matembezi, mzee. Kama watu wanaokwenda kupunga upepo."

"Tuna matawi mbele! Mtoto wa miaka mitatu akiona matawi anajua ni msiba."

"Mgawanjia haujui matawi," Nakijwa alisema. "Na wewe unajua kwa nini."

Alijua. Danstan alikuwa trafiki. Alisimama katikati ya Njia Saba miaka ishirini na saba, na elimu yake ya darasa la saba, na filimbi, na mikono miwili. Foleni zake ziliisha mapema kuliko za trafiki yeyote mjini, ndiyo maana wakubwa walipotaka mashine ijifunze, walimchagua yeye. Wakamvalisha glavu zenye nyaya, wakazungushia kamera kila upande, wakamrekodi miezi sita. Nakijwa, wakati huo msichana aliyetoka chuoni juzi tu, alisimama naye juani akiuliza: Huyu umempisha kwa nini? Ana mgonjwa. Na huyu? Foleni yake imefika sokoni, akikaa zaidi watu watatukana. Yote yakaingizwa.

Ila kabla ya kurekodi, mkurugenzi alitoa amri. Misiba yote ipite barabara ya zamani kwa miezi hiyo sita, isije ikachafua hesabu. Maana msiba ukipita, trafiki alisimamisha pande zote, hata kama ni dakika kumi, akapiga saluti mpaka gari la mwisho lipite, na hakuna dereva aliyethubutu kukata msafara. Hesabu gani itapendeza hapo? Danstan mwenyewe alisimama mbele ya msafara wa kwanza na kuugeuza. Waombolezaji walimlaani kupitia madirisha. Akasema, ni amri ya juu.

Basi mashine ikajifunza kila kitu cha mkono wake isipokuwa saluti. Wakampa cheti chenye muhuri wa dhahabu, na mwezi uliofuata wakampa barua ya kuachishwa. Sechelela alikitumia kile cheti kufunikia mtungi. "Angalau kinazuia nzi," alisema.

Foibe alikuwa amesikia yote, maana simu ilikuwa inaongea kwa sauti, na habari ya glavu aliijua tangu zamani. Akamgeukia.

"Kwa hiyo, shemeji, aliyetufungia humu ni wewe."

"Si mimi. Ni wao."

"Kwani glavu alivaa nani? Mkurugenzi?"

"Foibe, niache."

"Nakuachaje na tumefungiwa pamoja?"

Danstan akainama chini ya kiti, akashika mpini mwekundu wa kufungulia wakati wa moto, akauvuta kwa mikono miwili. Mlango ukaruka. Kelele za matairi zikaingia kama maji. Alishuka, akakanyaga ukingo wa saruji, na bila kumuaga Foibe akaingia barabarani na kuinua mkono wa kulia, kiganja mbele, vidole vimekaza, kama alivyokuwa akiuinua zamani.

Yote yakasimama. Si yale ya mbele yake tu. Ndani ya sekunde nne barabara zote saba zikatulia, na kelele ya jiji zima ikakatika kama redio iliyochomolewa. Kule juu kilimani, mbali kama mita mia tisa, jeneza la Sechelela nalo likasimama.

"Mzee Chibehe!" Nakijwa alikuwa anapiga kelele simuni. "Ukiwa barabarani, Mgawanjia hauruhusu gurudumu lizunguke popote. Jiji zima limesimama, mzee!"

"Lisimame. Mimi nimesimama miaka ishirini na saba."

Akaanza kutembea kati ya magari, Foibe nyuma yake na viatu mkononi. Goti la kushoto lilimuuma tangu enzi za filimbi, lakini alitembea. Watu walimtazama kupitia vioo. Mwanaume mmoja akashusha dirisha, "We babu, umelewa asubuhi yote hii? Toka, watu tuna kazi!" Foibe akamjibu, "Na sisi tuna maiti, mjinga wewe!" Yule akapandisha dirisha polepole.

Walikuwa wamefika karibu theluthi ya kilima pale mama mmoja alipogonga kioo kutoka ndani, si kwa hasira, kwa kiganja kizima, haraka haraka. Pembeni yake binti alikuwa amelala kiti kizima, magoti juu, jasho linamtiririka, na chini ya kiti kulikuwa na damu.

"Baba," yule mama alisema kupitia upenyo wa dirisha, "baba yangu, tulikuwa tunawahi hospitali. Mtoto amekaa vibaya. Nakuomba."

Danstan akamtazama binti. Kisha akaitazama njia. Mbele ya gari lile palikuwa peupe mpaka juu. Zamani ingekuwa kazi ya sekunde mbili: mkono wa kushoto unazuia wote, wa kulia unamwita mmoja, pita mama, pita haraka, na foleni inabaki ilipo.

"Nakijwa," alisema. "Kuna mzazi hapa. Mpitishe huyu peke yake."

"Haiwezekani, mzee. Mtu akiwa barabarani ni wote au hakuna."

"Mimi nilikuwa naweza."

"Najua. Nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa imelegea. "Ukipanda ukingoni, yote yanaondoka. Lakini vioo vya ukingo vitapanda nyuma yako, na hutaingia tena barabarani. Nakwambia mapema ili usije ukasema nimekudanganya."

Jeneza lilikuwa pale juu. Aliona hata utepe mweupe uliofungwa nyuma yake. Dakika kumi za goti bovu, basi.

"Shemeji," Foibe alisema kwa sauti ndogo, "dada amengoja siku tatu mochwari." Halafu akamtazama yule binti, akageuza uso. "Aa, mimi sijui. Mimi sijui, shemeji."

Binti alitoa mlio. Danstan akapanda ukingoni.

Foibe akamfuata. Vioo vikapanda kutoka kwenye saruji pande zote mbili, vimemzidi mtu kimo kidogo, na magari yakaondoka yote kwa mpigo. La mzazi lilipita la kwanza, kwa kasi kama mshale. Kilimani jeneza likatikisika, likavuka kilele, halikuonekana tena.

Walibaki wamesimama kwenye ukanda wa hatua mbili upana, kioo huku, kioo kule. Simu ilikuwa bado hewani.

"Mzee," Nakijwa alisema, "gari la kuwachukua litafika saa saba na kumi. Na kuna kitu kingine, bora ukisikie kwangu. Mgawanjia umekurekodi. Mashine imeandika kwamba mtu akisimama barabarani, hatoki kwa kuamriwa wala kutishwa. Anatoka akionyeshwa mgonjwa. Mkurugenzi amekwisha kuona. Amefurahi. Ameuliza kama inawezekana kuanzia kesho mgonjwa apitishwe karibu na yeyote atakayesimama, ili apishe."

"Na hata kama mgonjwa anayo njia fupi?"

"Hata hivyo, mzee."

"Na wa leo, Nakijwa? Aliletwa?"

"Wa leo alikuwa njiani, mzee. Naapa. Wa leo alikuwa njiani kwake."

Danstan akakata simu, akaketi chini.

Saa nne ikatimia. Danstan akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kuokota udongo. Ukanda wote ulikuwa saruji, na katikati wameweka majani ya plastiki. Foibe akaona anachotafuta. Akageuza viatu vyake, akatoa kibanio cha nywele, akakwangua soli ya kimoja kisha cha pili. Kikatoka kiasi cha nusu kijiko, udongo wa uani kwa Sechelela, bado una unyevu wa maji waliyomwaga asubuhi waombolezaji wakinawa mikono.

Danstan akaupokea kiganjani. Alisimama, akanyoosha mkono wa kulia juu ya kioo, mbali kadiri bega lilivyomruhusu, akaufungua. Udongo ukaanguka barabarani kwenye mstari wa kijani, na gari lililofuata likaupitia juu bila kupunguza mwendo, na la nyuma yake pia.