Pumzi ya Ziada

"Sasa hiyo pumzi ya ziada inatoka wapi?"

Hoja ndiye aliyeuliza. Jina hilo la utani alilipata chuoni, kwenye midahalo, likamganda hadi nyumbani. Aliuliza mchana kweupe, mbele ya kontena la fundi, kaka yake akiwa amekumbatia helmeti kama mtoto aliyepewa zawadi.

Pikipiki ilikuwa kuukuu, ya marehemu baba yao. Injini ndogo ileile, pistoni ileile. Fundi alikuwa ameitoa kabureta ya zamani na kuandaa nyingine aliyoichonga kwa mkono wake: koo limepanuliwa kwa tupa, jeti kubwa ya kupitishia petroli, chujio la hewa limetupwa kando. Kabla ya kuifunga alimpa kaka mpira wa petroli uliochomekwa humo.

"Puliza, tuone kama sindano ya ndani inaziba. Pikipiki yako, pumzi yako."

Mafundi wote hupima hivyo, kwa mdomo. Kaka akapuliza. Akakohoa mara moja. Basi.

Pikipiki ilipowashwa, mabati ya jirani yalitetemeka. Hapo ndipo Hoja alipouliza. Kaka akacheka. "Mheshimiwa, mdahalo uache chuoni!" Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa.

Swali halikuwa la kipuuzi. Lilipuuzwa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Wiki ya pili, kaka alishindwa kupanda ngazi tatu za barazani. Hospitali walimpiga picha: mapafu safi. Hoja ndiye aliyegundua. Pikipiki ikizimwa, kaka anatweta kama aliyezama. Ikiwashwa, anapumua. Kwa siku tatu ilinguruma uani bila kupumzika, mama akiongeza petroli kidogokidogo, kama anayemnywesha mgonjwa dawa.

Siku ya nne, jua likielekea kuzama, Hoja aliipanda vilevile ikiwaka, akaenda kwa fundi kuchukua kabureta ya zamani ya baba. Kazi ndogo tu. Kwenda na kurudi.

Kontena lilikuwa wazi. Akaiingiza pikipiki hadi ndani.

Nyuma yake, mlango wa chuma ukajifunga.

"Shikamoo," alimwambia fundi. Hasira ilikuwa imemjaa, lakini malezi ni malezi.

"Marahaba."

Kulinuka petroli. Chini ya petroli kulikuwa na harufu nyingine... nzito, ya uvuguvugu, kama mdomo wa mtu aliyetoka usingizini. Kwenye waya ukutani zilining'inia kabureta, thelathini au zaidi, makoo wazi. Vinyweleo vya mkono wake vikalala upande mmoja. Kisha upande wa pili. Kisha upande mmoja tena.

Hapakuwa na dirisha.

"Nataka kabureta ya baba."

"Ipo." Fundi akaitungua kwenye rafu. "Zima pikipiki nikufungie."

"Siwezi kuizima."

"Na mimi siwezi kuifungua ikiwaka, binti. Petroli ikimwagikia ekzosi, tunaungua wote wawili."

Hoja akatoa simu mfukoni.

"Dakika ngapi?"

"Kumi. Nikikimbiza, saba."

Alimpigia mama, akaweka sauti ya juu. "Mama, nikizima dakika saba tu..."

"Saba?" Sauti ya mama ilikatika. "Jana petroli ilikata sekunde ngapi, na midomo ikawa imeshabadilika rangi! Usizime, mwanangu. Nakuomba."

Hoja akatikisa pikipiki. Ndani ya tangi kulicheza kijisauti chembamba, cha matone. Injini ikakwama kidogo, kisha ikaendelea. Kwenye simu, papo hapo, kaka akakohoa.

"Nifungulie mlango nikatafute petroli."

"Mlango huo sikuufunga mimi."

Aliusukuma kwa bega. Akaupiga teke. Chuma kilikuwa na joto, nacho kilitoka kidogo na kurudi kidogo, kama kifua.

"Uchawi gani huu, Fundi? Safari hii utajibu! Uliulizwa siku ile, ukajifanya bubu!"

Fundi alisogea karibu. Alinong'ona, kana kwamba kuna mtu amelala.

"Uliuliza pumzi inatoka wapi. Sijui. Aliyenifundisha naye hakuniambia. Mimi napanua koo tu. Koo likipanuka, linatafuta cha kumeza."

"Na hizi za ukutani?"

"Za watu waliozima."

Injini ikakwama tena. Tu... tu...

"Hii ya baba yenu haijachongwa," fundi akasema harakaharaka. "Humeza polepole. Mtu akiipuliza, itambeba kaka yako hizo dakika saba, na baada ya hapo atakuwa huru."

"Na aliyepuliza?"

Fundi akachukua kitambaa. Akajifuta mikono.

Hoja aliujua ule ujifutaji. Chuoni aliwafundisha wageni wa klabu: usikubali hoja kabla hujauona mwisho wake. Mwisho wa hii aliuona vizuri kabisa. Ulikuwa umekaa pale kwenye koo la kabureta, mweusi, mviringo, upana wa kidole gumba.

"Mwanangu," mama alisema kwenye simu. "Amelegea. Mwanangu, amelegea..."

Hoja akauweka mpira wa kabureta ya baba mdomoni. Akapuliza.

Upande wa pili, kitu kikavuta.

Kilivuta taratibu, bila fujo, kama mtu mwenye kiu aliyepewa glasi. Alitaka kuacha. Midomo ilikataa kuachia. Pumzi ilitoka na kutoka, hadi ile ya chini kabisa, ambayo mtu hajui kama anayo.

Injini ikazima.

Kimya.

Kisha sauti ya mama: "Anapumua! Jamani, anapumua! Kaa, kaa, usiinuke..."

Hoja alikuwa sakafuni. Alipata hewa ya kujaza kijiko, kisha kijiko kingine. Alihesabu spana zikigusa chuma. Alihesabu boliti. Giza lilimjia pembeni mwa macho. Akasikia fundi akipiga kiki. Mara ya kwanza, hola. Mara ya pili, hola.

Ya tatu, kwa matone yaliyobaki, ikashika. Hewa ikamrudia kwa kishindo, akalia kama mtoto mchanga.

Mlango ulikuwa wazi. Nje, jua lilikuwa halijamaliza kuzama. Fundi alitoka, akarudi na chupa ya petroli, akamwongezea bila kumtazama usoni, kisha akaitundika ile kabureta ya kuchongwa mwisho wa waya. Iliyumba kidogo pale ilipo. Ikakohoa mara moja. Kikohozi cha kaka.

Kaka amepona. Anaruka ngazi zote tatu kwa hatua moja, kisha anakuja kukaa uani na kulia. Anasema atapuliza yeye tena. Hiyo ndiyo hoja ambayo dada yake ameipinga kila siku, na kila siku anashinda. Kwa yule fundi walirudi, wakakuta majani tu, na alama nne za kutu pale lilipokuwa limekaa kontena. Wameita mafundi wengine watano. Wote huinama, husikiliza, huchukua bisibisi, na wote husema neno lilelile.

"Zima kwanza."

Kwa hiyo Hoja yupo pale, kwenye kiti cha plastiki, madaftari ya chuo mapajani, mkono mmoja juu ya tangi. Siku hizi anaongea kwa sentensi fupi. Pikipiki inanguruma polepole. Tu-tu-tu. Majirani wameanza kulalamika kuhusu kelele, na juzi mmoja wao aliingia uani amekasirika, mkono tayari kwenye ufunguo.

Ukipita hapo, tafadhali usimuulize kitu. Nyuma ya mlango kuna dumu la petroli. Mwongezee kidogo.

Na usizime.