Malipo ya Septemba

Kila siku akitoka shule, Araksi alifunga aproni, akakung'uta unga mezani na kuanza kupanga mikate myembamba ya lavash kwenye mifuko. Duka lao la mikate lilikuwa Fresno, California, na kufikia saa kumi jioni wateja walikuwa wamejaa mlangoni.

Lakini tarehe kumi na nne Aprili, mikate ilimngoja. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, na mama yake, Siranush, alisoma Kiingereza kwa shida. Basi Araksi, mwenye miaka kumi na miwili, aliketi mbele ya kompyuta nyuma ya tanuri, mama akimsomea stakabadhi. Kodi ya jimbo waliilipa kwa makadirio, kidogo kidogo, mwaka mzima.

"Aprili, nimelipa. Juni, nimelipa. Januari, nimelipa."

"Na Septemba, mama?"

"Septemba haipo."

Araksi akaandika sufuri. Programu ya kodi ikatulia kidogo, kisha ikatoa maandishi mekundu: faini, dola mia nne na kumi na mbili.

Mama akaketi juu ya gunia la unga.

"Nililipa kama mhasibu wetu Levon alivyoniandikia kabla hajahamia Boston! Labda karatasi moja ilipotea. Tumekwisha, roho yangu. Pesa iliyobaki ni ya pango la duka. Ohan mwenye jengo ameshasema, kesho kutwa nisipompa pango nimpe funguo za duka."

Kengele ya mlango ikalia. Mama akajifuta macho, akaenda kumhudumia mteja.

Araksi akabaki na yale maandishi mekundu. Aliwaza tanuri likiwa limezimwa, na mama akizunguka mjini kuomba kazi. Mkono wake ukaenda wenyewe. Penye Septemba akafuta sufuri, akaandika dola elfu moja na mia tano. Wekundu ukatoweka.

"Mama! Nimeiona stakabadhi! Hakuna faini!"

Siranush alikuja mbio, akamkumbatia hadi unga ukamwingia Araksi puani. "Iko wapi niibusu? Haya, tuma basi, tuma!"

Kidole cha Araksi kilifika kwenye kitufe, kikagoma.

"Mama, hakuna stakabadhi. Nimeitunga."

Mama akalipuka. "Unataka nipelekwe jela na aproni yangu? Mimi nimewahi kumpunja mtu hata mkate mmoja?" Sauti ikamvunjika. "Ona sasa, hata uwongo wa kutuokoa hatuna."

Alichukua stakabadhi zote, akafunga duka mapema, akamshika mwanawe mkono. Maktaba ilikuwa ikifungwa saa kumi na mbili jioni, na humo wastaafu walijitolea kusaidia watu na kodi. Walifika wakihema, zimebaki dakika ishirini.

Mmoja wao, Bi. Pruitt, miwani juu ya paji, alipitia stakabadhi moja moja. "Nani amekwambia unadaiwa Septemba?"

"Kompyuta, Bi. Pruitt," Siranush akajibu. "Mimi nililipa kama mhasibu wangu Levon alivyoniandikia, lakini kompyuta inadai."

"Na kompyuta imeambiwa na nani?" Akachukua penseli. "Serikali kuu kule Washington inataka mafungu manne yaliyo sawa. California yetu inataka thelathini kwa mia Aprili, arobaini Juni, Septemba hawataki hata senti, halafu thelathini Januari. Programu yako imetumia kalenda ya Washington kwenye kodi ya jimbo. Huyo Levon alikuandikia sawasawa."

Alikokotoa taratibu. Faini: sufuri. Akawaonyesha mahali pa kufuta hesabu ya programu na kuweka ile sahihi. Siranush aliinamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika.

Araksi akasimulia mwenyewe alichokuwa ameandika.

Bi. Pruitt alishusha miwani, akamtazama. "Binti, jimbo lingeyatafuta malipo yale, lisiyaone. Hapo mngekuwa na kosa la kweli, na mimi nisingeweza kulifuta kwa penseli. Sufuri uliyoandika mwanzo ndiyo ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni programu. Siku nyingine mashine ikiukataa ukweli wako, usiubadilishe. Uchukue hivyo hivyo ulivyo, umpelekee mtu anayejua kuukagua."