Bakuli la Asiye na Jina

Bakuli lilikutwa ukingoni mwa kisima limelambwa. Kumaliza chakula si ajabu, paka wa mji wetu wa Tanja wanaijua hiyo kazi. Lakini hili lililambwa likang'aa, na Lalla Shama alipoligusa, asubuhi ile ya mvua na baridi, lilikuwa na joto kama limetoka mikononi mwa mtu sasa hivi.

"Nani amekula hapa kisimani?" aliuliza.

Watu walikuwa wanakunywa chai ya nanaa, na hakuna aliyeona sababu ya kuiacha chai ipoe kwa ajili ya bakuli.

Nyumba yenyewe sisi wa kichochoro kile tunaiita Nyumba ya Bisara, kwa sababu ya ile supu nzito ya maharage, bizari na mafuta ya zeituni inayopikwa pale kila siku ya Mungu. Lalla Shama aliifungua mwaka aliomzika mwanawe Anwar, aliyefia unga kwenye ngazi za bandarini. Mwanamke mwingine angejifungia ndani akalia. Yeye alifungua mlango, akaanza kuwaingiza mateja wasio na pa kulala, wenye kuacha na wenye kujidanganya kwamba wataacha, akawapa supu, blanketi na matusi ya kiasi. Majirani walinung'unika weee, mpaka wakachoka wenyewe.

Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya mvua, nyumba ile huwakumbuka wafu wake, wale waliokufa vibarazani na ambao hakuna aliyewawekea tanga. Desturi haibadiliki. Mtu husimama, hulitaja jina la marehemu, wenzake huitikia dua, kisha yule yule aliyelitaja hukaa chini akalila bakuli la marehemu mpaka mwisho. Kila bakuli lina jina, na kila jina lina mlaji wake. La Anwar hulila mama yake, polepole, na hakuna anayeinuka kabla yake.

Mwaka huu Mfadal alizidisha. Mfadal na Anwar walikua pamoja na wakauanza unga pamoja, na mmoja alipokufa, mwingine alichukuliwa na mama wa aliyekufa. Tangu Ramadhani alikuwa hajaugusa. Sasa ndiye mpishi wa nyumba, mashavu yamerudi, na Lalla Shama alikuwa na tabia ya kumtazama akila mpaka watu wanaona haya kwa niaba yake. Akimpoteza na huyu basi tena, hana kingine duniani. Hilo hata watoto wa kichochoroni walilijua.

Sasa, wiki chache kabla, maiti ya mgeni ilikutwa nyuma ya soko la samaki, mwanamume mwenye koti la buluu, akazikwa bila jina. Jambo hilo lilimkaa Mfadal rohoni. Dua zilipokwisha alijaza bakuli moja zaidi, akalipeleka uani, akaliweka kwenye ukingo wa kisima cha kale, akasema mbele ya watu wote: "Na wewe usiye na jina, yeyote uliye, karibu. Nafasi yako iko hapa."

Watu walifuta machozi. Hakuna aliyelila bakuli lile, maana hakuna aliyekuwa na jina la kutaja. Likaachwa pale pale mpaka asubuhi. Jamani, kila aliyelelewa na bibi anajua nani wanakaa visimani, na wengi wao binadamu hajawahi kuwapa jina. Ukifungua mdomo juu ya kisima ukamkaribisha yeyote, ulitegemea aje nani?

"Ni paka," Mfadal alisema asubuhi ile, akalisuuza bakuli.

"Paka gani anapasha chakula moto?"

"Mama, hebu tuianze siku vizuri."

Adhuhuri ikaja harufu. Kwanza ilikuwa ya bisara, na jiko lilikuwa limezimwa. Hmidu, mchukuzi wa zamani wa bandarini, mtu wa maskhara, alichungulia jikoni akasema, "We Mfadal, unapika kitu gani unatuficha? Tule wote bwana, umaskini wetu mmoja." Mfadal akamwonyesha sufuria tupu. Ndipo chini ya bizari ikapanda harufu ya pili, ndimu iliyoungua kwenye kijiko cha chuma, na kila mtu mle ndani aliyewahi kuchemsha unga alimeza mate, akatazama miguu yake.

Ilikuwa inatoka kisimani. Hmidu alisimama juu ya ukingo akivuta pumzi kwa pua, macho yamefumbwa, ute umemshuka kidevuni, na alipoulizwa kulikoni alisema anatoka kidogo kununua sigara. Alitoka peku, kwenye mvua. Jioni watu walimwona kwenye ngazi za bandarini, kichwa kimeinamia magotini, mdomo wazi. Lalla Shama alikwenda kumvuta mkono, naye akamwambia kwa upole, kama mtu anayekataa chakula ugenini, kwamba asante, ameshashiba.

Siku ya pili waliondoka wengine. Siku iliyofuata, baada ya alasiri, Lalla Shama alikuwa amejinyoosha kidogo chumbani aliposikia sauti ya Anwar kutoka uani.

"Mama. Mbona bakuli langu hulileti?"

Alikaa kitako. Anwar hakuwahi kumwita mama. Tangu alipojua kusema alimwita Shama, kwa jina, kwa utundu, akachapwa kwa ajili hiyo, akaendelea hivyo hivyo mpaka kaburini. Kwa hiyo alijua kwamba kilichomo kisimani hakina jina lake chenyewe, kinaazima la marehemu pamoja na sauti yake, na kwamba yeye hakikuweza kumdanganya. Halafu akasikia mtu mwingine akijibu, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na rafiki, na akaitambua sauti hiyo, akatoka mbio bila kitambaa kichwani, akamkuta Mfadal amekaa kwenye ukingo wa kisima, miguu ameining'iniza ndani, mkono wa shati umekunjwa mpaka begani, mshipa umesimama, anacheka kidogo na kuinama kidogo, anainama tena, anasikiliza, huku kutoka chini ile harufu ya ndimu ikipanda nzito kiasi cha kuumiza macho, na bakuli, lile lile alilolisuuza, likiwa pembeni yake limejaa pomoni na linatoa moshi.

Alimkamata ukosi akamwangusha ndani ya ua.

"Anasema kuna baridi," Mfadal alinong'ona chini pale. "Mama, anasema yuko peke yake na kuna baridi sana."

"Si yeye."

"Najua. Najua si yeye. Lakini kinanijua mimi, mama. Kinajua nilipokuwa naficha kijiko."

Jioni ile aliletwa Fakihi Si Larbi, mzee mwenye mafua na asiye na subira, ambaye kwa kusoma amewatoa majini wakaidi zaidi ya huyu. Alikaa mbele ya kisima akasoma. Watu wakaitikia amin. Na kutoka chini ikaja amin nyingine, moja, iliyochelewa kidogo.

Si Larbi alirudi mwanzo wa aya. Akasoma tena. Amin ya kisimani ikaja tena, kwa adabu, kama ya mtu aliyealikwa hitimani. Mzee akapenga kamasi, akauliza nani alifanya nini, na Mfadal akaeleza lile bakuli na maneno yake.

"Mmemkaribisha wenyewe, tena kwa chakula," Si Larbi alisema. "Sasa mnataka mimi nimfukuze? Mimi nafukuza wezi, sifukuzi wageni."

"Kwa hiyo tukae naye?" Lalla Shama alimuuliza.

"Amekalia nafasi ya mtu. Mleteni mwenye nafasi. Litafuteni jina la yule maiti, litajwe hapa, na bakuli lake liliwe na huyu aliyelitoa. Nafasi ikipata mwenyewe, huyu atainuka. Na fanyeni haraka, maana huyu kijana wenu keshaanza kuliwa."

Jina hilo lingeweza kujulikana mahali pamoja tu, napo ni kwenye kiwanda cha samaki wa makopo kilichofungwa, ambako mateja wanakaa chini ya paa lililobomoka. Mfadal alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga pale tena. Lakini ndiye aliyezijua njia zake za kuingilia.

"Nenda na mtu mwingine, mama. Mimi nikiingia mle sitoki."

"Utatoka. Nitakushika."

Walikwenda kesho yake mchana, Lalla Shama ndani ya jilaba lake, joho refu la sufi, mkono umemkamata Mfadal kwenye kiwiko kama anavyoshikwa mtoto wa kupelekwa jando. Mle ndani kulikuwa na giza la moshi, na watu wamejikunja ukutani. Mfadal aliuma mkono wa shati lake ili asivute hewa. Lalla Shama alitoa salamu, akauliza yule wa koti la buluu alikuwa nani.

Kisha msichana mmoja mwembamba sana alisema, "Buselham. Alikuwa fundi cherehani, kwao Asila. Alinishonea hii." Akaonyesha kiraka gotini, mishono midogo iliyonyooka. "Unamtakia nini?"

"Tumkumbuke. Tunasoma majina ya watu wetu kila mwaka."

Msichana alifikiri. "Mimi Wafaa," alisema. "Binti Idris. Lishike na langu, mama, ikitokea."

Hakuwa amemaliza mwingine akasema lake kutoka ukutani, Zuhair, wa Finidaki. Na mwingine. Walikuwa wanayatoa majina yao gizani mmoja mmoja, kwa sauti za chini, pamoja na ya baba zao na ya miji yao, na Lalla Shama alikuwa akiyarudia yote na kusema nimelishika, nimelishika, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafuta. Mwisho kabisa, kutoka nyuma yake, karibu na sikio, alisikia, "Mfadal. Mwana wa Rahma."

Rahma ndiye mama aliyemzaa Mfadal, na kulisikia kulimchoma Lalla Shama. Alidhani ni Mfadal mwenyewe, amejihesabu na wafu kabla ya siku yake. Hakugeuka, alisema tu, "Nimelishika," kisha akamvuta wakatoka.

Magharibi ilipoingia, bisara ilipikwa mpya. Bakuli la kisimani lilikuwa bado limejaa na linafuka, na ilibidi liwe hilo hilo. Mfadal alisimama, akasema, "Buselham, fundi cherehani wa Asila." Watu wakaitikia dua. Safari hii kisima hakikuitika. Akakaa, akala. Baadaye alisema ilikuwa na ladha ya ndimu na chuma, na kila kijiko kilimwita kwa upole, lakini alikula akilia, kamasi zinamtoka, huku Lalla Shama amemshika bega, mpaka akalikwangua bakuli kwa mkate. Kisimani kitu kizito kikajisogeza, maji yakachapa ukuta, na harufu ikakatika kama mlango umefungwa. Hmidu alirudi usiku huo huo, ana homa, akaomba blanketi.

Ndipo Lalla Shama, mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akaanza kumgombeza Mfadal jikoni. "Na wewe kule kiwandani ulitaja jina lako la nini? Nani kakwambia unakufa?"

Mfadal aligeuka na mwiko mkononi. "Mimi sikusema kitu mle ndani. Nilikuwa nimeuma shati."

Walitazamana. Lalla Shama alijikuta amekwenda mpaka mlango wa uani, na sijui kwa nini alifanya vile, labda alitaka kuhakikisha, akaita, "Mfadal."

"Naam, mama," alijibu Mfadal nyuma yake, jikoni.

"Naam, mama," ilijibu sauti kutoka kisimani.

Si Larbi aliitwa tena. Alisema jini aliyepata jina, tena mwenye nyumba akalipokea kwa kusema nimelishika, hafukuziki, kwa kuwa keshakuwa mtu wa nyumba. Walikifunika kisima kwa jiwe. Haikusaidia. Watu walimshauri Mfadal ahame, abadili jina, aende Uhispania. Lalla Shama alikataa. Alisema Mungu hakumpa mtoto ili aache kumwita.

Kwa hiyo kila magharibi, ukipita kichochoro chetu, utamsikia. Husimama mlangoni pa ua, mikono imekunjwa kifuani, humwita Mfadal kwa jina lake, kisha husubiri, na sisi majirani huacha kila tulichokuwa tunafanya tukasubiri naye. Wanajibu wawili, siku zote. Mpaka leo, yule wa jikoni ndiye anayetangulia.