Waridi Atabaki Waridi

Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na ndege walishuka mashambani Rujewa makundi kwa makundi. Waridi alisimama juu ya kichuguu akiamia, akiwafukuza ndege. Alirusha udongo kwa fimbo, huku akipiga kelele.

"A! E! I! O! U! Tokeni!"

Mwalimu Tekla, jirani yao, alisimama njiani akacheka, akamsalimu kwa lugha ya pale. "Kamwene, Waridi! Ndege wako wanasoma darasa la ngapi?"

"Shikamoo, mwalimu. Herufi hizo nimezisikia shuleni. Nikienda kuteka maji nasimama dirishani."

"Na mbona huingii?"

Waridi aliinamisha kichwa. "Baba hataki."

Jioni Tekla alifika kwao na kikapu cha viazi. Mama yake Waridi, Bibie, alimkaribisha jamvini. Asili ya familia ya Waridi ilikuwa pwani, na Waislamu kama wao pale walikuwa wachache. Shule ilikuwa moja tu, ya misheni.

"Baba Waridi," Tekla alisema, "Jumatatu tunaandikisha darasa la kwanza. Mlete mtoto."

Waridi, nyuma ya mlango, alitega sikio.

"Mwalimu, wewe ni jirani mwema," Halfani, baba yake Waridi, alijibu. "Bibie alipougua, ulimtwangia mpunga. Lakini shule yenu naiogopa. Mtoto wa Kalinga aliingia pale anaitwa Semgeni, akatoka anaitwa Yudith! Wangu ataingia Waridi, atoke Rozalia?"

Bibie aliguna. "Kwani Rozalia akikupikia ubwabwa, utaukataa?"

Tekla alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaeleza polepole.

"Yudith alibatizwa kanisani, tena baba yake mwenyewe alitaka. Darasani hatubadilishi jina la mtu. Mzazi akisema mtoto wake asisome dini yetu, hasomi. Kipindi hicho Waridi atashona nami barazani. Mchana atakwenda chuoni kusoma Kurani, kama siku zote."

"Na mtandio wake?"

"Atauvaa. Hata mimi najifunga kitambaa, hukioni?"

"Nani ataamia ndege?"

"Wewe," alisema Bibie. "Mikono si unayo?"

Halfani alikuna kidevu. "Nitamwuliza mwalimu mkuu mwenyewe."

"Ndivyo inavyotakiwa," Tekla alisema. "Uliza, usikie kwa masikio yako."

Jumatatu walikwenda wote. Mwalimu mkuu, Yohane, aliinuka akampa Bibie kiti chake. Halfani aliuliza yote, akajibiwa vilevile.

"Haya, mtoto anaitwa nani?" Yohane aliuliza.

Halfani alisema kwa sauti kubwa, hata watoto wa darasani wakageuka: "Waridi binti Halfani!"

Tangu siku hiyo, kila mchana Halfani alimwuliza, "Leo wamekuitaje?"

"Waridi, baba."

Mchana mmoja Waridi alikuja mbio mpaka shambani. Kibao chake alikishika mbali na nguo, maandishi yasifutike.

"Baba! Tazama! Hili ni Waridi."

Halfani, aliyejua herufi za Kiarabu tu, alitupa fimbo yake ya kuamia. "Hawajaongeza kitu?"

"Hata kidogo! Na hili la pili ni Halfani."

"Mimi! Bibie, njoo! Nimo kwenye kibao!"

Bibie alikuja anakimbia, kanga mkononi. "Na mimi je? Niandike na mimi!"

"Utaandika mwenyewe, mama."

Waridi alimshika mama yake kidole, wakachuchumaa pamoja, wakaanza kuandika kwenye tope la jaruba la mpunga. Halfani aliinama juu yao, akifuata kila herufi kwa macho.

Ndege wakatua mpungani wakala watakavyo. Siku hiyo hapakuwa na wa kuwafukuza.