Jina Lililokataa Kufutika

Jumanne asubuhi, mwezi Machi 2002, kitufe cha kufuta kilikataa kazi katika duka la kuchapa la Mwajabu Mshamu, hatua chache kutoka stendi ya Kibiti. Alikuwa anachapa barua ya mwalimu mmoja aliyeomba uhamisho. Alikosea neno, akalifuta. Neno lilitoka, na mahali pake likaja jina ambalo hakulichapa.

Mwajabu alilisoma mara moja, akazima kioo kabla mteja hajainama kutazama. Akamwomba arudi alasiri. Mwalimu alisema mashine za zamani za kupiga chapa hazikuwa na maringo kama haya, akaondoka anacheka.

Kompyuta ilikuwa na programu mpya. Fundi Nassibu alikuwa ameiweka Jumapili, akarudi Dar es Salaam jioni ile ile. Mwajabu alikwenda kwenye simu ya kulipia, akampigia. Nassibu alimwambia azime mashine na kuiwasha upya. Alifanya hivyo. Akamwambia achomoe kibodi, aipulize vumbi, airudishe. Alifanya hivyo pia, kisha akaweka kibodi ya akiba. Kila neno alilofuta liliacha jina lile lile. Alipopiga simu mara ya tatu, Nassibu alikuwa anakula.

"Dada'ngu, programu ni nzima. Nyie watu wa Rufiji, mashine ikikohoa tu, jini."

Mwajabu hakucheka. Alimuuliza kama alirudisha mafaili ya zamani baada ya kuweka programu mpya.

"Yote. Hata uliyokuwa umeyafuta, nimekufufulia. Sijakudai kitu."

Alirudi dukani taratibu. Sasa alijua kosa ni la nani.

Mwaka uliotangulia, mimba ya pili ya mdogo wake Sabra ilikuwa imeharibika. Huseni, mume wa Sabra, aliyekuwa akinunua boriti za mikoko Nyamisati, alimleta mganga, Mwalimu Bushiri, kutoka Mbuchi. Mganga alimpunga Sabra siku tatu, mpaka jini akataja jina lake kwa mdomo wa mgonjwa, Mwajabu akisikia. Mwalimu aliliandika jina kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa marashi, na Sabra akanywa kombe lile. Jini akatoka. Sharti lilikuwa moja: jina lisibaki popote, si kwenye sahani wala karatasi. Likibaki, mwenyewe ana pa kurudi.

Lakini Mwajabu alikuwa mchapaji, na miaka kumi na mmoja alikuwa ametunza nakala ya kila kitu. Aliwaza kwamba Mwalimu ni mzee, na mto ukifurika Mbuchi hapafikiki. Jini akirudi, nani atakayelijua jina lake? Kesho yake alilichapa. Wiki moja baadaye aliogopa, akalifuta, na programu ya zamani ikakubali.

Sasa Sabra alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuja kwa dada yake ili awe karibu na kituo cha afya. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka, na kati yake na kompyuta palikuwa na ukuta mmoja tu.

Jumatano ilikuja harufu. Kwanza marashi, kisha tope la mikoko maji yakitoka. Mwajabu alipiga deki mara mbili. Adhuhuri jenereta ilikuwa imezimwa na duka limefungwa, nao dada wawili walikuwa chumbani wanachagua mchele. Sabra aliinua kichwa.

"Dada, nani anachapa?"

"Hakuna mtu."

"Sikiliza." Sabra alishusha sauti. "Anachapa polepole. Kama mtu anayejifunza."

Mwajabu alisikia kitufe kimoja, kimya, kitufe kingine. Aliendelea kuchagua mchele kwa sababu Sabra alikuwa anamtazama mikono.

Alhamisi aliwasha jenereta, akatafuta faili lenyewe, akalipata kati ya barua za zamani kana kwamba halijawahi kuondoka, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta na kukibonyeza, na papo hapo kutoka nyuma ya ukuta Sabra akatoa mlio ambao Mwajabu hakuwa amewahi kuusikia kwa mtu, Mwajabu akakimbia na kumkuta amekaa chini ameshika tumbo kwa mikono miwili, anasema kwa kunong'ona kwamba mtoto ameacha kucheza, ameacha ghafla kama mtu aliyeambiwa anyamaze, na Mwajabu alipoweka kiganja chake pale tumboni hakuhisi kitu ila ubaridi, ubaridi wa maji ya mto, mpaka dukani kikasikika kitufe kimoja, kisha cha pili, kisha vingine, na cha mwisho kilipolia mtoto akapiga teke.

Mwajabu alirudi dukani. Faili lilikuwa mahali pake. Alizima jenereta na kuchomoa waya ukutani. Kioo kilichukua muda mrefu kuwa cheusi.

Siku ile ile alimtumia Huseni salamu kwa dereva wa pikapu, amlete mganga. Ijumaa baada ya swala, Huseni alifika na Mwalimu Bushiri. Mzee alikaa mbele ya kompyuta, Mwajabu akamweleza yote bila kujitetea.

"Umeliandika kwa kitu gani? Kwa wino?"

"Kwa umeme, Mwalimu."

"Umeme hauoshwi." Alifikiri. "Mashine hii haitoi karatasi?"

Inatoa, Mwajabu alisema, na wino wake ukipata maji unamwagika. Wateja walionyeshewa na mvua walikuwa wanamlalamikia. Mzee akamwambia atoe karatasi moja, moja tu.

Printa ilivuta karatasi. Mstari ulikuwa mmoja, lakini mashine ilichapa kwa muda mrefu, ikienda na kurudi, na harufu ya tope ikajaa chumba kizima mpaka Huseni akatoka nje kutapika. Mwalimu aliilaza karatasi kwenye sahani na kumimina marashi. Herufi zililegea. Maji yakawa meusi, na karatasi ikabaki nyeupe.

Sabra, aliyekuwa ameketi kando, alinyoosha mkono kuipokea sahani. Mzee aliisogeza mbali naye.

"Safari hii si wewe. Anakunywa aliyeandika."

"Na mtoto?" Mwajabu aliuliza.

"Mtoto ataachwa."

"Na mimi, Mwalimu?"

"Wewe ulitaka kulitunza, mwanangu."

Mwajabu alimtazama mdogo wake. Akayanywa maji yote.

Walipowasha kompyuta tena, faili halikuwepo. Kitufe cha kufuta kilifanya kazi, na barua ya uhamisho ya yule mteja ikakamilika jioni ile.

Siku kumi na mbili baadaye Sabra alijifungua mtoto wa kike, mzima. Siku ya saba ndugu za Huseni walikuja kutoka Kiongoroni, wakamwita mtoto Salima. Mwajabu alipika, akapakua, akagawa sahani. Shangazi mmoja wa Huseni, ambaye hakuwa amewahi kufika Kibiti, alimpokea sahani na kumuuliza, na wewe mwanangu, jina lako nani?

Mwajabu alifungua mdomo, akalitafuta jina lake, asilipate.

"Mama, huyu ndiye Mwajabu," Sabra alisema kwa furaha. "Bila yeye nisingekuwa na mtoto."

Mwajabu aligeuka nyuma kutazama ni nani anayetajwa.