Kikohozi cha Alfajiri

Nyumbani kwa fundi wa magari, siku ilianza kabla ya jua kuchomoza. Wa kwanza kuamka alikuwa Bibi, mama yake fundi. Alioga maji ya baridi, akajitanda mtandio mweupe kichwani, kisha akaketi kwenye mkeka kusali. Baada yake aliamka fundi mwenyewe, akasimama mbele ya kioo cha ukumbini akijifunga kilemba, mkunjo juu ya mkunjo, bila haraka. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai. Wa mwisho kabisa alikuwa Chiriku, mtoto wao.

Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu alianza kuimba kabla hajajua kuzungumza, na tangu alipojua kuzungumza hakuna mwingine aliyepata nafasi ya kusema katika nyumba ile. Familia yao ilikuwa ya Masingasinga. Kila Jumapili walikwenda gurudwara, nyumba yao ya ibada, na Chiriku alipoimba huko, hata watoto wadogo waliacha kuchezea mikeka wakamsikiliza.

Alipotimiza miaka kumi na miwili, Bibi alimwambia kwamba sasa amekua, anaweza kusali sala ya asubuhi peke yake chumbani. Ni sala ndefu, husomwa alfajiri baada ya kuoga, kichwa kikiwa kimefunikwa na moyo ukiwa umetulia. Chiriku hakusita. Aliahidi kwa kinywa chake kwamba hataikosa hata siku moja, na Bibi akambusu kwenye paji la uso.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, usingizi ukaanza kuwa mtamu kuliko asali. Ndipo Chiriku alipoikumbuka simu ya zamani ya mama yake, iliyokuwa haipigi tena lakini bado ikiweza kurekodi. Jumamosi moja mchana alifunga mlango, akafungua kitabu cha sala na kuisoma yote kwa sauti yake nzuri mbele ya simu ile. Siku hiyo alikuwa na mafua, na katikati ya sala akashikwa na kikohozi kizito. Alifikiri kuanza upya, lakini uvivu haupendi kurudia kazi, akaendelea hadi mwisho.

Tangu hapo mambo yakawa rahisi. Kila alfajiri alitoa mkono nje ya blanketi, akabonyeza simu, akaurudisha mkono ndani. Sala ilitoka chumbani, ikapita chini ya mlango hadi ukumbini. Chiriku alijiambia kwamba hakuna anayedhurika. Maneno ni yale yale, na sauti ni yake mwenyewe. Kisha akageukia ukutani na kukoroma.

Lakini Bibi alisikia kile kikohozi. Alikisikia siku ya kwanza, akakisikia siku ya pili, na kila siku iliyofuata. Akaanza kumchemshia mjukuu wake tangawizi kali na kumsimamia mpaka aimalize. Chiriku aliinywa huku machozi yakimtoka, dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Bibi alipomuuliza kama kifua kimepata nafuu, alijibu kuwa kinapungua. Uongo mmoja ulikuwa umeshazaa wa pili.

Wakati huo Bibi mwenyewe alikuwa na shida yake. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na ukungu ulizidi kila mwezi, hata akashindwa kusoma. Baada ya kungoja sana, hospitali ikampangia siku ya upasuaji. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyemshika mkono. Baba aliwashusha mlangoni, akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari.

Walikaa kwenye benchi refu lililojaa wagonjwa. Haikuchukua muda, muuguzi akatoka na kumwita Bibi. Bibi hakuinuka.

"Mwanangu," alimwambia muuguzi, "naomba daktari asikilize kwanza kifua cha mtoto huyu. Anakohoa kila alfajiri, na dawa zangu zimeshindwa. Macho yangu yatangoja."

Muuguzi alieleza kwa upole kwamba daktari huyo ni wa macho, na kwamba Bibi akipoteza zamu yake leo huenda akangoja miezi mingi, maana wagonjwa ni wengi.

"Macho haya nimeyatumia miaka mingi," Bibi akasema. "Yeye kifua chake bado hajakitumia. Kama hakuna wa kumsikiliza hapa, tutakwenda kwingine sasa hivi." Akaanza kupapasa akitafuta mkoba wake.

Chiriku angeweza kusema amepona. Lakini asubuhi ile ile, kabla hawajatoka nyumbani, simu ilikuwa imekohoa kama kawaida, na Bibi alikuwa amesikia. Alimtazama mwanamke huyu mzee aliyekuwa tayari kubaki gizani kwa ajili yake. Akamshika mkono uliokuwa ukitafuta mkoba.

"Bibi, mimi sikohoi," alisema. "Inayokohoa ni simu."

Muuguzi aliziba mdomo asicheke. Bibi hakucheka. Ikabidi Chiriku aeleze yote palepale, mbele ya watu wa benchi: mafua ya Jumamosi, blanketi, na tangawizi aliyokunywa bure. Alipomaliza, hakuthubutu kuinua uso.

Bibi akasema polepole, "Kumbe nimekuwa nikisali na simu."

Ndipo Chiriku alipojua jambo ambalo hakulijua. Tangu herufi zianze kupotea machoni mwake, na uzee uanze kumpokonya baadhi ya maneno, Bibi alikuwa akisimama kila alfajiri nje ya mlango wa mjukuu wake, akiifuata sala neno kwa neno. Sauti ya Chiriku ndiyo iliyokuwa kitabu chake. Chiriku aliposikia hayo alilia kwa kwikwi, na Bibi akamwacha alie.

Halafu akamwomba muuguzi awape muda kidogo. Akavuta mtandio wake vizuri, akamfunika Chiriku kichwa kwa skafu ambayo mtoto mwenyewe alikuwa ameivaa shingoni.

"Anza," akasema.

"Siijui yote kwa moyo, Bibi. Nilisoma kitabuni."

"Na mimi siikumbuki yote. Basi tutabebana."

Wakaanza. Sauti ya Chiriku siku hiyo haikuwa nzuri hata kidogo. Ilikwaruza na kukatika. Alipokwama, Bibi alipokea. Bibi alipopotea njia, Chiriku alimrudisha. Mahali pamoja walikwama wote wawili, wakavuka kama watu wanaoruka dimbwi, wakaendelea. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, Chiriku aliyasikia maneno aliyokuwa akiyatamka. Walipofika mwisho, Bibi aliinuka, akamfuata muuguzi kwa hatua imara, kama mtu aendaye kazini kwake.

Upasuaji ulifanikiwa. Bandeji ilipoondolewa, Bibi alimtazama Chiriku kwa muda mrefu na kumwambia kwamba amerefuka. Jioni ile Chiriku aliifuta ile sala kwenye simu, kisha akaenda kuomba msamaha sawasawa. Bibi akamketisha kando yake.

"Ulinidanganya, na imeniuma," alisema. "Lakini nimeshasamehe. Sasa nisikilize. Kila alfajiri maneno yalikuwepo, na sauti ilikuwepo. Wewe ndiye ambaye hukuwepo. Mungu hapungukiwi na nyimbo nzuri, mwanangu. Anachotaka ni wewe mwenyewe uje, hata kama umekuja na neno moja lililokwaruza. Na siku ukichoka, mwambie kwamba umechoka. Hiyo nayo ni sala, kwa sababu ni kweli."

Kuanzia hapo walisali pamoja, Bibi akisoma kwa macho yake mapya na Chiriku akijifunza kwa moyo, kipande kwa kipande. Hakugeuka malaika. Asubuhi moja usingizi ulimshinda kabisa, akashtuka jua likiwa tayari dirishani. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi, nywele zikiwa timutimu.

"Leo sikuamka, Bibi," alisema. "Nimelala tu."

Bibi alikuwa amekwisha kusali na alikuwa akikifunika kitabu kwa kitambaa chake. Alikifunua tena, akasogea kando ya mkeka.

"Kaoge uje," akasema. "Aliyechelewa akasema kweli amefika. Nakungoja."