Alama Nyeupe kwenye Tairi la Mwalimu

Jumatatu asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi, Sajini alichuchumaa kando ya pikipiki iliyopata ajali akabonyeza tairi la nyuma kwa ukucha. Ukucha haukuzama hata kidogo. Akalibonyeza na tairi la gari la doria lililoegeshwa pembeni, gari kuukuu lenye kukohoa kila asubuhi, na hilo likawa laini kuliko lile la pikipiki. Hapo ndipo alipoanza kusumbuka moyoni, maana aliambiwa matairi ya pikipiki hiyo yalifungwa Ijumaa tu, mapya kabisa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mbio, nyekundu, aina ile ya kulalia tangi mgongo umepinda. Mwenyewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa hospitalini, paja limevunjika. Jumapili saa mbili asubuhi, barabara kavu, jua limeshatoka, kwenye kona isiyo na makuu, gurudumu la nyuma lilimkimbia. Askari wa zamu aliandika “mwendo wa kasi” akafunga mjadala. Lakini mfagiaji wa barabara aliyekuwepo alimwambia Sajini kwamba jamaa alikuwa anakwenda kama mtu aliyebeba mayai.

Sajini akawasha tochi ya simu, akatafuta ubavuni mwa tairi zile namba nne za kiwandani, mbili za wiki na mbili za mwaka. Akazipata. Tairi lilikuwa na umri wa miaka tisa. Halijawahi kukanyaga barabara kabla ya Ijumaa, vile vinyweleo vya mpira bado vilikuwa vimesimama pembeni, ila lilikuwa limekaa mahali likakauka mpaka likawa gumu kama soli ya kiatu cha mgambo. La mbele lilikuwa hivyohivyo. Upande ule ule wa namba, lakini mbali nazo, palikuwa na nukta ya njano ya kiwandani karibu na valvu, na kando ya nukta mtu alikuwa amechora kistari kifupi kwa krayoni nyeupe. Alikipiga picha, ingawa wakati huo hakujua ni cha nini.

Hospitalini alimkuta Mwalimu amefungwa mguu, mkewe kwenye kiti pekee kilichokuwepo, na rafiki yao Mfamasia amesimama dirishani. Mfamasia alikuwa mwendeshaji mwenzake Mwalimu, wote na pikipiki za aina moja, na alikuwa ameleta juisi.

“Matairi yalikuwa mapya, Afande,” Mwalimu alisema. “Nimeyatafuta miezi. Saizi yangu ni ya shida, halafu mimi nataka ya mpira laini, yanayoshika lami. Mama Matairi alibaki na jozi moja tu, akanishikia. Alhamisi akayaleta mwenyewe gereji kwa kaka. Kaka akazisoma namba mbele yangu, kwa sauti, unavyojua anavyopenda kusoma kama anatangaza mnada. Wiki ya tisa, mwaka huu. Ijumaa nikapeleka pikipiki, akafunga.”

“Yaliyoko kwenye pikipiki ni ya miaka tisa iliyopita,” Sajini alisema.

 Mke wa Mwalimu alimgeukia Sajini, mwanamke mwenzake.

“Basi limejibiwa hilo. Yameingia mapya kwa fundi wenu, yametoka mazee. Unatafuta nini tena, dada?”

“Ni kaka yangu,” Mwalimu alisema.

“Ni kaka yako, ndiyo maana hukukagua.”

Sajini alisikia lile neno, fundi wenu. Tangu alipoolewa, mama huyu alikuwa akimwita yule fundi shemeji kama kawaida ya watu. Jana jioni alikuwa amemfukuza mlangoni mwa wodi mbele ya wagonjwa, na leo hata ushemeji alikuwa amemvua. Mwalimu aligeuza uso ukutani. Mguu ulikuwa unauma, lakini kilichokuwa kinamuumiza zaidi hakikuhitaji plasta, na kila mtu mle ndani aliliona hilo.

“Tusimhukumu Fundi,” Mfamasia alisema taratibu. “Binadamu hukosea. Pengine alichanganya tu.”

“Aliyefanya hivi kwa kujua atafikishwa mahakamani,” Sajini alijibu. “Awe kaka, asiwe kaka.”

Akitoka, aliipita pikipiki ya Mfamasia kwenye maegesho. Ilikuwa imesuguliwa mpaka ukaona sura yako. Kitu kimoja tu kiliiharibu: ukingo wa rimu ulikuwa na mikwaruzo mipya, midogomidogo, inayong'aa. Sajini alisimama akaitazama, kisha akaenda zake.

Gereji ya Fundi ilikuwa banda moja refu lenye sakafu ya saruji, benchi la vyuma, na ukuta ambao vipuri vilining'inizwa kwa mpangilio ambao wake za watu wangeuonea wivu jikoni. Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli bila kufanya kazi. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

“Nilisoma, Afande. Nikayatia alama, nikayaegemeza pale ukutani. Ijumaa nikafunga.”

“Hukusoma tena kabla ya kufunga?”

“Niliona alama yangu.” Akavitazama viganja vyake. “Ukishauona mkono wako mwenyewe, macho yanatulia. Nilifunga huku napiga stori na mdogo wangu.”

“Alhamisi mchana nani aliingia humu?”

Fundi alieleza. Mama Matairi alishusha mzigo, akaondoka pamoja na Mwalimu. Baadaye Fundi alitoka kidogo kujaribu pikipiki ya mteja, akaacha banda wazi kama siku zote. Aliporudi alikuta chakula juu ya benchi, shemeji yake alikuwa amepita na kukiacha. Alimkuta pia Mfamasia, amekaa kwenye stuli hiyohiyo, amekuja na gari, anataka mafuta ya mnyororo. Walisalimiana, wakataniana, jamaa akaondoka.

“Na duka la Mama Matairi unalionaje?”

“Yule mama hana mchezo. Namba nilizisoma mwenyewe, na mdogo wangu akasikia.”

Sajini akamwonyesha picha ya kile kistari. Fundi aliichukua simu kwa mikono miwili.

“Krayoni ni yangu. Mahali si pangu.”

“Kivipi?”

“Hapa ni penye nukta. Nukta ni ya kupangia valvu, kiwanda kimeshaiweka, mimi niongeze nini? Alama yangu inakaa pembeni ya zile namba nne. Maana yake, nimezisoma hizi.”

Sajini hakumwamini hivihivi. Aliinama kwenye pikipiki tatu zilizokuwa bandani zikisubiri wenyewe, moja baada ya nyingine, akiguna kwa magoti. Kila tairi alilolifunga Fundi lilikuwa na kistari cheupe, na kila kistari kilikuwa kando ya namba.

“Ungeweza kukiweka kwingine makusudi, ili unichezee akili.”

“Ningekuwa na akili ya kupanga hayo, Afande, Ijumaa ningesoma tena.”

Sajini alitaka kucheka, lakini mtu mwenyewe alikuwa amejiinamia. Akamwacha.

Mama Matairi alimpokea dukani kwake katikati ya minara ya mpira. Alithibitisha kila kitu.

“Jozi ile niliulizwa na nusu ya chama chao cha waendesha pikipiki. Mwezi ujao wana safari ya milimani, na mzigo mwingine sijui utafika lini. Mwalimu aliwahi, basi. Sikuwa na nyingine ya wiki hiyo katika saizi hiyo.”

“Na haya ya miaka tisa yametoka wapi?”

“Hayo si ya kwangu. Kuna duka lilifungwa zamani likauza mabaki yote, watu wakagombania bila kusoma namba. Mchoro wa tairi hilo haujabadilishwa, kwa hiyo ukilitazama juujuu, huwezi kujua.”

Jumanne saa tisa alasiri Sajini aliwaita wote gereji. Mke wa Mwalimu alisimama karibu na mlango, mbali na Fundi, mkoba kifuani. Mama Matairi alijitafutia kreti akakaa. Mfamasia alifika mwisho, juu ya pikipiki yake, akaiegesha uani na kuingia akisalimia kila mtu.

Katikati ya banda palikuwa na tairi jipya alilokuja nalo Mama Matairi. Sajini alishika kipande cha krayoni nyeupe.

“Sitawachelewesha. Aliyebadilisha matairi alijua kwamba Fundi huwa anaweka alama, akaiga alama hiyo ili Fundi asishtuke. Nataka kila mmoja anionyeshe alama inakaa wapi. Dada, tuanze na wewe.”

Mke wa Mwalimu alilitazama tairi, akamtazama na Sajini. “Alama gani? Mimi nilileta chakula, sikuja kukagua matairi.”

“Mama?”

“Penye namba,” Mama Matairi alisema bila kunyanyuka. “Nimemwona akiweka tangu nywele zake zote zipo.”

“Na wewe, ndugu?”

Mfamasia hakusita. Alikuwa mtu wa kusaidia. Alichukua krayoni, akalizungusha tairi mpaka nukta ya njano ikatokea, akachora kistari kando yake, kifupi na nadhifu.

“Hapa. Ndipo valvu inapokaa.”

Fundi alinyanyua kichwa. Alimtazama Mfamasia, na ule utani wa Alhamisi ukawa unamrudia vibaya.

“Asante,” Sajini alisema. “Pikipiki yako inapendeza. Matairi ya lini hayo?”

“Haya? Ya mwaka jana. Mwezi wa nane hivi.”

“Una hakika?”

“Kabisa. Ninayatunza tu, ndiyo maana yanaonekana vizuri.”

“Fundi, twende uani ukatusomee.”

Wakatoka. Fundi alipiga goti upande wa mnyororo, akalizungusha gurudumu la nyuma kidogokidogo huku Sajini akimulika. Upande wa nje tairi lilikuwa limesafishwa likasafishika. Huku ndani, nyuma ya mnyororo, ambako kitambaa hakifiki bila kung'oa gurudumu, palikuwa na kistari cheupe. Pembeni yake zilikuwepo namba nne. Fundi alizisoma, na mara hii hakusoma kama mnada.

“Wiki ya tisa. Mwaka huu.”

“Basi uliyanunua kabla hayajatengenezwa,” Sajini alimwambia Mfamasia. “Kingine. Wewe ni mteja wa Fundi miaka yote, hata taa ikizima unaleta kwake. Matairi haya umeyafunga mwenyewe nyumbani, kwa vyuma vya kubandulia tairi, ukaikwaruza rimu unayoisugua kila siku. Kwa nini hukumletea? Kwa sababu angekiona kistari chake.”

 Mfamasia alitafuta pa kuegemea, akaishika pikipiki yake, kisha akaiachia.

“Yale nilinunua duka lilipofungwa,” alisema hatimaye. “Nikayaweka stoo, nikayafunika vizuri. Wiki iliyopita nilipotaka kuyafunga kwa ajili ya safari, ndiyo nikazisoma namba. Nikaogopa.”

“Ukaogopa kuyatumia.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo ulijua.”

“Milimani tunakwenda mbio, Afande, tunalaza pikipiki mpaka goti linagusa lami. Mwalimu haendeshi hivyo. Kila safari tunamsubiri yeye, tunamcheka.” Akapangusa tangi la pikipiki kwa kiganja. “Nilidhani kwa mwendo wake yatamtosha. Nilikuja na gari, nikakuta banda tupu. Alama nikaichora kwa krayoni iliyokuwa juu ya benchi. Nilidhani ndipo zinapokaa, nilikuwa nimeziona tu, sikuwahi kuuliza. Kwa haraka niliyokuwa nayo, hata kwenye yale mapya sikutazama iko wapi.”

Mke wa Mwalimu alikuwa amesogea mpaka karibu naye. Hakupaza sauti.

“Kila siku ulikuwa unamletea juisi.”

 Sajini alimshika Mfamasia mkono juu ya kiwiko akampeleka kwenye gari la doria, na gari lilipowashwa likakohoa kama kawaida yake.

Jioni hiyohiyo Sajini alipita wodini kuchukua saini ya maelezo. Alimkuta Fundi kwenye mlango, upande wa nje, kofia mkononi, amenawa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa hajavuka kizingiti.

“Kaka,” Mwalimu aliita kutoka kitandani, “mbona umesimama huko kama anayedai kodi?”

“Nilitakiwa kusoma tena,” Fundi alisema. “Mfamasia ndiye aliyeyaleta, lakini mkono uliofunga ni wangu. Ningezisoma tena tu.”

“Ulizisoma.”

“Mara moja.”

Mwalimu alitaka kujibu, machozi yakamtangulia, akajipangusa na ncha ya shuka kama mtoto. Fundi naye akawa anaikunja kofia na kuikunjua.

Mke wa Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa muda wote huo. Kisha aliinuka, akaondoa mkoba wake juu ya kile kiti kimoja, akakifuta kwa kiganja ingawa kilikuwa safi, na kukisogeza karibu na kitanda.

“Shemeji,” alisema, “ingia ukae. Umesimama tangu Jumapili.”